Mafahali Wawili Katika Zizi Moja: Historia ya Kitenzi cha Kuzuia "Let" na Funzo Lake kwa Msomaji wa Fasihi

1.0 Utangulizi

Wahenga wamesema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Wanaisimu wa historia nao wana nadharia inayokaribiana sana na methali hii: maneno mawili ya asili mbalimbali yanapofikia kutamkwa kwa namna moja, na yote mawili yakawa yanatumika katika mazingira yale yale ya usemi, moja kati yao hulazimika kuliachia zizi jingine. Mfano unaotajwa mara nyingi katika lugha ya Kiingereza ni ule wa kitenzi "let". Msomaji wa leo hukijua kitenzi hiki kwa maana ya kuruhusu au kuacha jambo litendeke. Hata hivyo, kwa muda wa karne nyingi Kiingereza kilikuwa na "let" nyingine ambayo maana yake ilikuwa kinyume kabisa: kuzuia, kuchelewesha, kumwekea mtu kizuizi njiani.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Maandishi mawili ambayo yameathiri sana usomaji wa fasihi katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki, yaani tamthilia za Shakespeare na tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, yaliandikwa wakati ambapo vitenzi hivi viwili vilikuwa bado hai, bega kwa bega. Mwanafunzi anayeyasoma maandishi hayo akiwa na kamusi ya leo tu kichwani huweza kuipindua maana ya sentensi nzima bila ya kujua kwamba amepotoka, kwa sababu neno lenyewe analiona kuwa jepesi mno kuhitaji maelezo. Neno gumu humfanya msomaji asite, lakini neno jepesi lililobadilika maana humpitisha akiwa amefumba macho.

Makala haya yanadai mambo mawili. Kwanza, mgongano wa sauti peke yake hautoshi kuelezea kifo cha "let" ya kuzuia. Kitenzi hicho kiliendelea kuishi muda mrefu baada ya mgongano huo kwa sababu kililindwa na muundo wa sentensi, na kilitoweka pale tu warithi wake walipokuwa tayari. Pili, historia hii inatia doa dhana iliyozoeleka kwamba tafsiri daima hupoteza na matini ya Kiingereza daima huhifadhi. Katika mambo kadhaa yatakayojadiliwa hapa, msomaji wa Kiswahili ndiye aliyebaki na maana ambayo msomaji wa Kiingereza ameipoteza.

2.0 Asili: Ukoo Mmoja, Njia Mbili

Katika Kiingereza cha Kale vitenzi hivi vilikuwa mbalimbali kwa umbo na kwa mnyambuliko. Kile cha kuruhusu kilikuwa "lǣtan", chenye irabu ndefu, nacho kilikuwa miongoni mwa vitenzi ambavyo hubadilisha irabu ya ndani ili kuonyesha wakati uliopita. Kile cha kuzuia kilikuwa "lettan", chenye irabu fupi na konsonanti iliyokazwa, nacho kiliunda wakati uliopita kwa kuongezewa kiambishi tamati. Msemaji wa karne ya 10 hangeweza kuvichanganya, kama vile Mswahili hawezi kuchanganya "kata" na "kataa".

Kitenzi "lettan" kilizalika kutokana na kivumishi kilichokuwa na maana ya "-zito" au "-a polepole", ambacho ndicho kilichozaa neno la Kiingereza "late". Kwa maneno mengine, maana yake ya asili ilikuwa kumfanya mtu achelewe. Mwanafunzi wa Kiswahili ataiona njia hii mara moja, kwa kuwa ni ile ile ya kauli ya kusababisha: "chelewa" huzaa "chelewesha", na "kawia" huzaa "kawisha". Hatua kutoka katika kuchelewesha hadi kuzuia ni fupi. Anayecheleweshwa kwa muda mrefu wa kutosha amezuiwa, kama anavyojua kila mtu aliyewahi kufuatilia faili katika ofisi ya serikali.

Kitenzi "lǣtan" nacho kinahusishwa na mzizi wa kale wenye maana ya kulegeza na kuachilia. Wanaisimu wanaoshughulikia lugha za Kihindi-Kiulaya huviweka vitenzi vyote viwili chini ya mzizi huo mmoja. Kilicholegea huweza kuachiliwa kiende zake, na kilicholegea pia huenda polepole. Kutokana na wazo moja la ulegevu kukatokea ruhusa upande huu, na kizuizi upande ule. Kwa hiyo mafahali hawa wawili waliokuja kupigania zizi walikuwa ndugu wa mbali, ingawa wasemaji wenyewe hawakuwa na habari ya undugu huo.

Matumizi ya "lettan" katika fasihi ni ya tangu zamani. Katika utenzi wa Beowulf, ambao hati yake iliyopo iliandikwa karibu na mwaka 1000, shujaa anasimulia jinsi alivyoua majitu ya baharini usiku, na kwamba tangu hapo hayakuwazuia tena mabaharia katika safari zao. Kitenzi kinachotumika ni hicho hicho, na kizuizi kinachotajwa ni cha njia na cha msafiri. Taswira hii ya msafiri na njia yake ni ya kukumbukwa, kwa maana itarejea mwishoni mwa historia ya neno lenyewe.

3.0 Mgongano na Ulinzi wa Sintaksia

Mabadiliko ya matamshi yaliyotokea katika kipindi cha Kiingereza cha Kati yaliiondoa tofauti iliyokuwapo. Irabu ndefu ya kitenzi cha kuruhusu ilifupishwa, viambishi tamati vya vitenzi vikapukutika, na hatimaye vyote viwili vikabaki na umbo moja: "let". Hapo ndipo nadharia ya mgongano inapoingia.

Nadharia hii ilipata nguvu kutokana na kazi ya Jules Gilliéron, mtaalamu wa lahaja za Ufaransa ambaye atlasi yake ya kiisimu ilichapishwa kati ya 1902 na 1910. Mfano wake mashuhuri unatoka Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Katika eneo hilo, mabadiliko ya sauti yalilifanya neno la Kilatini la jogoo lifanane na neno la paka, yote mawili yakawa "gat". Mkulima hawezi kuishi vyema katika lugha isiyotofautisha jogoo na paka anayemnyemelea. Matokeo yake, jogoo akapewa majina mengine, likiwamo lile la ndege wa porini na lile la kasisi msaidizi wa parokia. Mahali ambapo mabadiliko hayo ya sauti hayakutokea, jina la kale la jogoo lilibaki. Mnamo 1936, Robert Menner aliijadili nadharia hii kwa kuzingatia Kiingereza, na kazi ya Edna Rees Williams ya 1944 iliiendeleza.

Nadharia hii ina mashiko, lakini inapaswa kupimwa kwa lugha ambazo wasomaji wa makala haya wanazijua kutoka ndani. Kiswahili kina maneno mengi ya sauti moja ambayo hayajafukuzana. Jina "kaa" la mnyama wa baharini, "kaa" la moto na kitenzi "kaa" huishi pamoja kwa amani, kwa sababu ngeli na nafasi ya neno katika sentensi huyatenga. Mfano mgumu zaidi ni "panda". Sentensi "Juma amepanda mnazi" huweza kumaanisha kwamba Juma ametia mche ardhini, au kwamba yuko juu anaangua madafu. Hapa vitenzi vyote viwili ni elekezi na shamirisho ni lile lile, na bado hakuna hata kimoja kilichokufa.

Huenda ikadaiwa kwamba "panda" imesalimika kwa kuwa maana zake si kinyume. Lakini Kiswahili kina hata mfano wa maana zinazotazamana. Kitenzi "azima" hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea. Anayesema "niazime kalamu yako" anaomba apewe, na anayesema "nimeazima kalamu" amekwisha kupokea. Kinachomwokoa msikilizaji ni sintaksia: kiambishi cha mtendwa katika sentensi ya kwanza humtaja anayepewa, na kukosekana kwake katika ya pili huashiria kwamba mtenda ndiye aliyepokea. Lugha imejenga ua katikati ya zizi, na mafahali wanalala kila mmoja upande wake.

Kiingereza nacho kilijenga ua kama huo. "Let" ya kuruhusu kwa kawaida ilifuatwa na mtu au kitu, kisha kitenzi kingine kinachoeleza tendo linaloruhusiwa. "Let" ya kuzuia ilisimama peke yake na shamirisho lake tu, au ilifuatwa na kihusishi "from" kinachotaja jambo ambalo mtu amezuiwa kulifanya. Pia iliweza kutumika kama nomino yenye maana ya kizuizi. Ua huu ndio uliokiwezesha kitenzi cha kuzuia kuishi baada ya kufanana na mwenzake, hadi katika enzi ya Shakespeare na ya watafsiri wa 1611. Mgongano ulikidhoofisha, lakini haukukiua papo hapo.

4.0 Ushahidi wa Jukwaa

Tamthilia za Shakespeare zinaonyesha jinsi ua huo ulivyofanya kazi, na pia jinsi ulivyoanza kutoboka. Katika onyesho la nne la tendo la kwanza la Hamlet, mzuka wa mfalme aliyefariki unamwashiria mwanawe aufuate. Rafiki zake wanamshika wakihofia maisha yake. Hamlet anatishia kwamba yeyote atakaye"let" atageuzwa mzuka yeye mwenyewe. Msomaji aliyezoea maana ya leo ataelewa kwamba Hamlet anatishia kumuua anayemruhusu kwenda, jambo ambalo ni upuuzi. Lakini mtazamaji ukumbini hakuwa na tatizo lolote: aliwaona waigizaji wakimng'ang'ania mwana wa mfalme, na mikono yao ilikuwa tafsiri tosha ya kitenzi. Aidha, kitenzi hicho kina shamirisho peke yake, bila tendo jingine baada yake. Jukwaa na sintaksia vilisaidiana.

Hali ni tofauti katika The Two Gentlemen of Verona. Huko Valentine anajadiliana na Mtawala wa Milano jinsi mwanamume anavyoweza kumfikia binti aliyefungiwa, naye anauliza ni nini kinacho"let" mtu kuingia kupitia dirishani. Katika swali hilo kitenzi kinaandamana na tendo la kuingia na neno la kuonyesha uwezekano, vitu ambavyo ndivyo hasa vinavyoandamana na "let" ya kuruhusu. Msomaji wa kisasa huona swali la ruhusa mahali ambapo pana swali la kizuizi. Katika Twelfth Night, Viola anasema kwamba, ikiwa hakuna kinacho"let" furaha yao isipokuwa mavazi yake ya kiume, basi mambo yatathibitishwa. Hapa nzima ya hoja ya tamthilia, yaani vazi kama kizuizi baina ya watu wanaotambuana, imebebwa na kitenzi hiki kimoja. Atakayekisoma kwa maana ya kuruhusu ataliona vazi la Viola kuwa chanzo cha furaha, ilhali mtunzi amelifanya kuwa ukuta.

Kwa hiyo mhakiki wa tamthilia hizi hana budi kujiuliza, kila akutanapo na neno hili, ni nani aliyeshika nani jukwaani, na ni nini kinachofuata baada ya kitenzi. Kamusi ya leo haitamfaa mpaka aifungue macho ya jukwaa na ya sintaksia pamoja.

5.0 Farao, Musa na Kitenzi Kimoja

Mfano unaofundisha zaidi unapatikana katika tafsiri ya Biblia ya 1611. Katika sura ya tano ya Kutoka, aya ya kwanza, Musa na Haruni wanamfikishia Farao amri ya Mungu kwamba awape watu ruhusa waende. Kitenzi cha tafsiri ya 1611 ni "let". Aya tatu baadaye, katika aya ya nne, Farao anawashtaki Musa na Haruni kwamba wanawa"let" watu na kazi zao, yaani wanawazuia wasifanye kazi. Vitenzi viwili vinyume, vya umbo moja, vimewekwa katika vinywa viwili vinavyopingana ndani ya mazungumzo yale yale.

Si rahisi kudai kwamba watafsiri walikusudia mchezo huo wa maneno. Hata hivyo athari yake kwa msomaji ni ya kweli. Anayewazuia watu kwenda ni Farao. Anapoambiwa aachilie, yeye anageuka na kuwashtaki wakombozi kwa kosa la kuzuia. Hii ni hila kongwe ya mamlaka: mwenye kuziba njia ndiye anayeamua nani aitwe mzuiaji. Historia ya ukoloni katika Afrika Mashariki imejaa mashtaka ya namna hiyo, ambapo aliyedai njia ya kupita aliandikwa kuwa ndiye aliyeizuia kazi ya serikali.

Tukio hili lina upande mwingine. Mzizi wa kitenzi cha Kiebrania katika aya ya nne una maana ya kufungulia au kuachilia: Farao analalamika kwamba watu wamelegezwa wakaiacha kazi. Watafsiri wa 1611 walichagua kitenzi cha kuzuia, na hawakukosea, kwa maana kumwachilia mtu kutoka kazini ni kuizuia kazi. Tafsiri ya Marekani ya 1901 ililirejesha wazo la kufungulia kwa kutumia kitenzi "loose". Basi msomaji wa leo anayekosea na kuisoma "let" ya aya ya nne kwa maana ya kuachilia huangukia, kwa bahati tu, karibu na Kiebrania. Hili ni onyo kwa anayedhani kwamba kuzuia na kuruhusu ni nchi mbili zisizopakana.

Kiswahili kinaujua mpaka huo vizuri. Mzizi "acha" hubeba pande zote mbili. Anayemwambia mtoto "acha!" anamkataza, na anayesema "mwache aende" anaruhusu. Lakini Kiswahili hakikuuacha mzigo huo juu ya umbo moja tu. Mnyambuliko umeugawa: "achilia" humfungua aliyefungwa, na "achisha" humkomesha mtu jambo alilokuwa akilifanya, kama vile kumwachisha mtoto ziwa au kumwachisha mtu kazi. Kile ambacho Kiebrania kilikisema kwa mzizi wa kulegeza, na Kiingereza cha 1611 kikakisema kwa kitenzi cha kuzuia, Kiswahili kinaweza kukisema kwa "achisha", ambayo ndani yake mna kuacha na kukomesha kwa pamoja. Palipotokea mgongano katika Kiingereza, Kiswahili kina familia ya maneno yanayosaidiana.

6.0 Warithi

Ikiwa ua wa sintaksia ulifaa kiasi hicho, kwa nini hatimaye kitenzi cha kuzuia kikatoweka? Jibu linapatikana katika orodha ya maneno yaliyokuwa tayari kushika nafasi yake. La kwanza ni "hinder", neno la asili ya Kijerumani kama "let" yenyewe, lenye uhusiano na wazo la nyuma; maana yake ya ndani ni ile ile ya Kiswahili "kurudisha nyuma". Kisha kukaja maneno yenye asili ya Kilatini. "Impede" limejengwa juu ya neno la mguu, likiwa na taswira ya miguu iliyonaswa, nalo halitofautiani sana na "kwaza" inayotokana na "kwaa". Shakespeare mwenyewe alilitumia katika Macbeth, katika maneno ya mkewe Macbeth anayepanga kuviondoa vyote vinavyomtenga mumewe na taji. "Obstruct", linalotokana na wazo la kujenga kitu mbele ya mtu, liliingia katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 17.

"Prevent" nalo lilikuwa njiani. Katika Biblia ya 1611 lilikuwa bado lina maana ya kutangulia, kama inavyoonekana katika Zaburi ya 119 na katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike. Anayemtangulia mtu huweza kumkinga asifike, na kwa njia hiyo neno hilo likahamia katika uga wa kuzuia. Kwa hiyo uga wote wa maneno ya kuzuia ulikuwa ukipangwa upya. "Let" haikufukuzwa na pacha wake peke yake. Ilikuwa fahali mzee aliyedhoofishwa na mapigano, na sasa kulikuwa na mafahali wengine wanne waliokuwa na nguvu na wasio na pacha wa kuwachanganya watu. Waandishi waliotaka nathari iliyo wazi hawakuwa na sababu ya kumchagua yule ambaye kila mara alihitaji ua.

Kufikia karne ya 19 jambo hili lilikuwa limekwisha. Agano Jipya lililosahihishwa na kuchapishwa mwaka 1881 liliiondoa "let" ya kuzuia. Katika Warumi 1:13, ambapo Paulo anasema alikusudia kwenda Roma akazuiwa, "let" ilipisha "hinder". Katika 2 Wathesalonike 2:7, aya yenye utata inayomtaja azuiaye siri ya uasi, ilipisha "restrain". Wasahihishaji walijua kwamba waumini waliokuwa wakizisoma aya hizo katika matoleo ya zamani walikuwa wakisikia kinyume: Paulo aliyeruhusiwa, na mwovu aliyepewa njia na yule yule aliyepaswa kumzuia.

Hapa ndipo dai la pili la makala haya linapopata ushahidi. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyochapishwa mwaka 1952, hutumia mzizi "zuia" katika aya zote mbili hizi, na pia katika Isaya 43:13, ambapo tafsiri ya 1611 ina "let". Msomaji wa Kiswahili huko Mombasa au Kigoma huzielewa aya hizo bila tanbihi, ilhali msomaji wa Kiingereza anayeshikilia toleo la 1611 kwa heshima ya ukongwe wake huhitaji kuelezwa. Katika idara nyingi za fasihi imekuwa desturi kuipima tafsiri ya Kiswahili kwa kuilinganisha na Kiingereza, kana kwamba Kiingereza ndicho asili yenyewe. Kwa aya hizi mizani hiyo imepinduka: Kiswahili kinaafikiana na Kigiriki, na Kiingereza cha kale ndicho kinachohitaji mfasiri.

7.0 Masalia katika Matumizi ya Kila Siku

Neno halitoweki lote kwa mara moja. "Let" ya kuzuia ingali hai katika pembe chache, na pembe hizo zote zina sifa moja: muktadha wake ni finyu kiasi kwamba kosa haliwezekani.

Pembe ya kwanza ni sheria. Mikataba ya upangishaji ya jadi humhakikishia mpangaji kwamba ataitumia nyumba bila "let" ya mwenye nyumba. Kibao kilichotundikwa nje ya nyumba hiyo hiyo, kinachotangaza kwamba inapangishwa, hutumia "let" ile nyingine. Mwanasheria hachanganyikiwi, kwa sababu katika mkataba neno hilo huja likiwa nomino ndani ya msururu wa maneno ya vizuizi, na majirani zake hulitafsiri. Desturi ya sheria ya Kiingereza ya kuunganisha maneno mawili yanayokaribiana, kama "let" na "hindrance", ndiyo iliyolihifadhi: neno lililodhoofika liliegemea kwenye bega la mrithi wake.

Pembe ya pili ni uwanja wa michezo. Katika skwoshi, mchezaji aliyezuiwa na mwenzake asiufikie mpira huomba "let", na pointi hurudiwa. Katika tenisi na tenisi ya meza neno hilo hutangazwa mpira wa kuanzia unapogusa wavu kisha ukaanguka mahali panaporuhusiwa. Mchezaji wa leo hudhani pengine kwamba mwamuzi anaruhusu mpigo urudiwe. Kwa kweli anatangaza kwamba kumekuwapo na kizuizi.

Pembe ya tatu ni paspoti. Maandishi rasmi yaliyo ndani ya paspoti za Uingereza, na ya nchi kadhaa zilizowahi kutawaliwa nayo, Kenya ikiwamo, huomba mwenye paspoti apite kwa uhuru pasipo "let" wala "hindrance". Huyu ni msafiri na njia yake tena, kama wale mabaharia wa Beowulf. Maelfu ya watu hulibeba neno hili mfukoni kuvuka Namanga, Busia na Malaba, na aghalabu hakuna anayelisoma. Neno lililokuwa la mazungumzo ya kila siku limegeuka dua ya dola kwa msafiri wake, isemwayo katika lugha ambayo msafiri mwenyewe haielewi sawasawa.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba methali ya mafahali wawili ina ukweli wake lakini haijitoshelezi. Maneno ya sauti moja huweza kukaa zizi moja kwa karne nyingi, hata yakiwa kinyume, maadamu sintaksia au muktadha umesimamisha ua. "Panda" na "azima" ni ushahidi hai wa jambo hilo katika Kiswahili. Kitenzi cha Kiingereza cha kuzuia kilikufa pale mambo matatu yalipokutana: kufanana kwake na kinyume chake, kutoboka kwa ua wa sintaksia, na kuwapo kwa warithi wenye nguvu. Kilibaki tu mahali ambapo ua haukuvunjwa.

Kwa mwalimu wa fasihi, funzo ni kwamba maneno yanayostahili kufafanuliwa katika matini ya kale si yale tu ambayo mwanafunzi hayajui. Ni pia yale ambayo anadhani anayajua. Kwa mfasiri, funzo ni kwamba kila chaguo kati ya "zuia", "kwaza", "kinga", "achisha" na "chelewesha" ni uamuzi wa kihakiki, nao huweza kuiokoa maana ambayo matini ya Kiingereza imeiacha njiani. Na kwa yeyote anayeshughulika na uhusiano wa Kiswahili na Kiingereza katika vyuo vya Afrika Mashariki, aya ya nne ya Kutoka 5 ingali inauliza swali lile lile: kati ya Farao na Musa, ni nani aliyeizuia njia? Kitenzi hakilijibu swali hilo. Msomaji ndiye anayepaswa kutazama ni nani aliyesimama mlangoni.